Mali ni Tundu

Bolti haina thamani. Ukiipeleka dukani kama sampuli, utauziwa mwenzake kwa hela ya kahawa. Ndiyo maana mpita njia akimwona fundi ameinama nusu siku juu ya bolti moja iliyoganda kwa kutu humhurumia, au humcheka: "Fundi, si uikate tu yaishe?" Hajui kinacholindwa pale. Kinacholindwa ni tundu. Ndani yake mna nyuzi zilizochongwa kiwandani, kwenye chuma cha injini ambayo pengine iliacha kutengenezwa kabla mwenye gari hajazaliwa. Gereji zetu humsifu anayefunga injini ikawaka. Anayefungua hana wa kumsifu, na mimi naona yeye ndiye mwenye kazi ngumu zaidi.

Chukua Land Rover za zamani, zile zilizoanza kutoka Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Bodi yake ni ya alumini, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo kule. Bolti zake ni za chuma. Ilete gari hiyo pwani, upepo wa bahari uipige miaka, na kila mahali chuma kilipogusana na alumini penye unyevu wa chumvi pamekuwa betri ndogo: umeme unapita, alumini inalika, unga mweupe unajaa kwenye kiungo. Penye chuma kwa chuma adui ni kutu ya kawaida, nayo ina tabia moja mbaya. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikizaliwa kati ya nyuzi, haina pa kwenda, inajishindilia. Bolti inazidi kukazwa mwaka hadi mwaka na hakuna aliyeigusa.

Fundi mzuri haanzi na spana. Huanza na brashi ya waya, asafishe nyuzi zinazoonekana na pembe za kichwa, kisha apime. Land Rover za mwanzo zilifungwa kwa bolti za vipimo vya Kiingereza, vya ukoo wa Joseph Whitworth, aliyependekeza nyuzi zake za pembe ya digrii 55 mwaka 1841. Kichwa cha bolti ya aina hiyo ya inchi 5/16 kina upana wa milimita 13.3 hivi. Spana ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia na inacheza. Mwenye haraka huchukua ya 14, pembe sita zinageuka duara, na msiba umeanza. Spana ya kurekebisha, ile ambayo gereji za Tanzania zimeipa jina lisilofaa kuandikwa hapa, hufanya vivyo hivyo. Soketi ya pembe sita ya kipimo chenyewe ndiyo ya kuaminika.

Kisha mafuta. Watu wengi hupuliza WD-40 na kungoja miujiza, ilhali dawa hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Wako mafundi wanaochanganya mafuta ya gia otomatiki na asetoni, na mchanganyiko huo hupenya vizuri. Mafuta hupanda penye upenyo mwembamba yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, ila huwezi kuyaharakisha. Paka jioni, rudia asubuhi. Katikati gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, si kwa hasira, mtikisiko uvunje kutu na kufungua njia.

Wakati wa kuzungusha ukifika, fundi hukaza kwanza. Kidogo tu, kutu ishtuke, ndipo alegeze. Robo mzunguko mbele, nusu nyuma, mafuta tena. Na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, mkononi. Bolti inayofunguka hulia. Inakwenda kwa kukwama na kuachia, na kila mlio ni habari njema. Bolti inayosokotwa haisemi kitu. Spana inaendelea kusogea, uzito hauongezeki, kuna ulaini usio na sababu. Chuma kimeshindwa, na nukta inayofuata ni kukatika. Mkono uliozoea husimama hapo hapo. Kwa sababu hiyo silipendi lile bomba refu linalochomekwa kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu: nguvu linaleta, lakini habari zote zinapotelea njiani.

Ikigoma, moto. Huchomwa nati, si bolti. Wako wanaoamini kwamba nati ikipata moto tundu lake litabana. Sivyo, chuma kinapotanuka tundu nalo hupanuka. Ikipoa kidogo, gusisha mshumaa: nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Ila kabla ya kuwasha gesi angalia tangi la mafuta liko wapi, na usichome penye kisafisha breki chenye klorini. Joto huweza kukigeuza fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Hata hivyo nyingine hukatika, hasa za manifoldi ya ekzosi, zilizopashwa moto na kupoa maisha yao yote. Kipande kikibaki juu kidogo, fundi huweka nati mpya juu yake na kuichomelea kwa ndani. Joto la kuchomelea hufanya nusu ya kazi. Kikikatikia ndani, anapiga alama katikati kabisa na kutoboa taratibu. Vile vyuma vya kusokotea kipande kilichokatika nawaachia majasiri, maana ni vigumu mno, na kikivunjikia humo keekee ya kawaida haikikwaruzi.

Tundu likishakuwa tupu hupitishwa tapu kusafisha nyuzi, likapulizwa upepo. Kwenye manifoldi, magari mengi ya zamani ya Uingereza yalifungwa nati za shaba ya manjano, kwa sababu hazigandi na chuma. Nyingi zimepotea, zikawekwa za chuma zilizokuwa karibu. Fundi anayeijua kazi huzitafuta, na akizikosa hupaka grisi ya shaba, anakaza kwa kipimo, na kumwambia mwenye gari apige stati.