Mwenye Dhambi Mlangoni pa Jehanamu: Uhakiki wa Filamu ya Heaven Can Wait

Filamu ya Heaven Can Wait ilitolewa Marekani mwaka 1943, ikiongozwa na Ernst Lubitsch. Chanzo chake ni tamthilia iitwayo Birthday ya Ladislaus Bus-Fekete, mwandishi wa Hungaria, na mswada wake uliandikwa na Samson Raphaelson. Ni kichekesho, walakini mhubiri akiitazama hataweza kulikwepa swali lake: mwanadamu husimama hukumuni kwa tegemeo gani?

Henry Van Cleve, tajiri wa New York aliyeigizwa na Don Ameche, amekufa mzee. Habishi mbinguni, bali ajipeleka kwa Mheshimiwa, mkuu wa jehanamu, na kuomba apokewe. Akiulizwa makosa yake, asimulia maisha yake. Alimtorosha Martha, mchumba wa binamu yake, akamwoa. Baada ya miaka kumi Martha alimwacha kwa sababu ya wanawake wengine, naye akamfuata hadi Kansas, akamrudisha.

Uzuri wa filamu umo katika mwanzo huo. Henry hatoi utetezi, wala hahesabu mema yake. Twamkumbuka mtoza ushuru wa Luka 18, aliyesimama mbali. Lubitsch naye hauonyeshi uzinzi wenyewe; atupitisha katika siku za kuzaliwa za Henry, mwaka baada ya mwaka, na mtazamaji aona jinsi umri unavyomnyang'anya mtu majivuno yake.

Mwisho ndipo penye kasoro. Mheshimiwa amkataa na kumwelekeza juu: huenda kikapatikana chumba kidogo, kwa kuwa wapo huko aliowafurahisha, na Martha atamwombea. Basi Henry aokolewa na nini? Kwa kupendeza kwake, na kwa maombezi ya mkewe. Msalaba hautajwi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha nne, lafundisha kwamba twahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Zaidi ya hayo, aliyekosewa ndiye anayetwishwa kazi ya kumtetea mkosaji. Wangapi katika sharika zetu, hasa wanawake, wamefundishwa kwamba uvumilivu wa namna hiyo ndio neema?

Tusiicheke filamu hii kwa haraka. Kwenye mazishi, mara ngapi nasi twamfikisha marehemu mbinguni kwa sababu alikuwa mcheshi, alijenga nyumba, alipendwa na watu? Wafiwa hufarijika kwa siku moja. Kisha usiku mmoja wao aliyemjua vema marehemu hujiuliza kama sifa zile zitatosha. Huyo ndiye tuliyemnyima Injili. Lubitsch alitunga kichekesho, na hakuapa kuihubiri Injili. Sisi tuliapa siku ya kubarikiwa kwetu.