Sara wa ‘Bembea ya Maisha’ anasubiri nini?

Ipo sentensi moja ambayo watahiniwa wa fasihi huiandika bila kufikiri mara mbili: “Sara ni mvumilivu.” Hufuatwa na mfano mmoja au miwili kutoka katika tamthilia, kisha mtahiniwa huhamia kwa mhusika mwingine. Nimeifundisha sentensi hiyo mwenyewe, tena kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mimi ni Mkristo na neno ‘mvumilivu’ masikioni mwangu ni sifa njema kupita kiasi. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyoanza kuitilia shaka, na mahali penyewe palikuwa darasani, Dadaab.

Kwa asiyepajua, Dadaab ipo katika Kaunti ya Garissa, takriban kilomita 100 kutoka mji wa Garissa ukielekea mpaka wa Somalia. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, zikakusudiwa kuwahifadhi wakimbizi 90,000 hivi kwa muda tu. Muda huo umepita miaka 30. Wanafunzi wa huko husoma mtaala wa Kenya na kufanya KCSE kama wenzao wa Kisii au Kilifi. Wengi wao ni Waislamu wenye asili ya Somalia, na Kiswahili kwao ni lugha ya shule. Wakristo ni wachache: wapo wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Ethiopia, Kongo na kwingineko, na wapo wafanyakazi wa ‘daun’, yaani sisi tuliotoka sehemu nyingine za Kenya.

Mkristo aliye peke yake mahali kama hapo hujifunza kusoma. Mimi nilikuwa na vitabu viwili vya ibada vya kila siku, vile ambavyo ukurasa mmoja ni siku moja. Muundo wake haubadiliki: andiko, kisa kifupi, funzo, kisha sala ya mistari mitatu. Siwezi kuvidharau. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka Kaskazini Mashariki. Ukibaki, au ukienda huko baadaye, unajua unakwenda wapi. Kuna asubuhi ambazo ukurasa ule mmoja ndio ulionitoa kitandani. Kitabu kinachoweza kufanya hivyo kina kazi yake, na mhakiki anayekicheka hajawahi kukihitaji.

Hata hivyo, vitabu hivyo vilinipa mazoea fulani ya kusoma. Nilizoea kwamba kila kisa kina funzo, kwamba funzo hupatikana kabla chai haijapoa, na kwamba anayeteseka kisani huteseka ili mimi nifunzwe. Mazoea hayo nikaingia nayo darasani siku tulipofungua ‘Bembea ya Maisha’.

Tamthilia hiyo ya Timothy Arege, mwandishi wa ‘Mstahiki Meya’, ilianza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2023. Inasimulia habari za nyumba moja. Sara na Yona walikaa miaka katika ndoa bila mtoto, na wanakijiji wakawasema. Watoto walipokuja walikuwa wasichana watupu, wanakijiji wakasema tena. Yona akakimbilia pombe, na nyumbani akawa mtu wa kumpiga mkewe. Sara sasa ni mgonjwa. Binti yao mkubwa, Neema, ndiye anayehangaika na matibabu, huku mumewe Bunju akishikilia mila kwamba mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe.

Nikawauliza wanafunzi sifa za Sara. Mikono ikainuka. Mvumilivu! Nikaandika ubaoni. Nikaongeza maelezo kidogo ambayo, nikikumbuka sasa, yalikuwa ni ukurasa wangu wa ibada wa asubuhi ile uliovishwa joho la fasihi: kwamba Sara ametuonyesha jinsi mtu anavyoweza kuibeba dhiki bila kunung’unika. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akasema bila kuinua mkono, “Mwalimu, lakini huyu mama anasubiri nini?”

Nilidhani amekosea neno. Nikamsahihisha: “Anavumilia.” Akasema, “Hapana, mwalimu. Mtu akisubiri, kuna kitu anasubiri. Yeye anasubiri nini, walahi?”

Darasa likacheka, kengele ikalia. Lakini swali hilo halikuondoka nami, kwa sababu lilikuwa sahihi kimaana na hata kisarufi.

Kiswahili kina maneno mengi jirani kuhusu jambo hili: subira, saburi, uvumilivu, ustahimilivu. Kamusi huyaeleza kwa kuyarejelea yenyewe kwa yenyewe, nasi tukayachukulia kuwa ndugu pacha. Lakini tazama vitenzi. Kinachovumiliwa ni mzigo ulioko tayari mabegani: mtu huvumilia maumivu, baridi, matusi. Kinachosubiriwa ni kitu ambacho bado hakijafika: mtu husubiri gari, majibu, mvua. Kwa hivyo kitenzi kilekile kinachobeba maana ya kuwa na subira hubeba pia maana ya kungoja. Mtu mwenye subira, kwa mantiki ya lugha yenyewe, ana kitu anachokitazamia.

Mtoto wa Dadaab analijua hilo kuliko mwalimu wake. Kule kila mtu anasubiri, na kila anayesubiri ana jina la anachokisubiri: mgao wa chakula, kadi, barua ya kuhamishiwa nchi nyingine. Wasomali wa kambini wana hata neno, ‘buufis’, kwa ile hamu kali ya kwenda ng’ambo inayoufanya mwili uishi hapa na moyo uishi kule. Na anapofiwa mtu, huombewa ‘samir iyo iimaan’, yaani subira na imani. Hiyo ‘samir’ ni jamaa ya subira yetu, zote zikirejea kwenye sabr ya Kiarabu. Msichana yule hakukosea Kiswahili. Alikuwa amelisikia neno letu kwa sikio linalojua uzito wake.

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tumeikariri tangu utotoni. Nikagundua jambo ambalo nilipaswa kuligundua zamani. Katika Warumi sura ya 5 watafsiri wametumia ‘saburi’. Katika Wagalatia sura ya 5, palipoorodheshwa tunda la Roho, wametumia ‘uvumilivu’. Hawakuwa wakibadilisha maneno kwa ajili ya mapambo. Kigiriki chenyewe kina maneno mawili. La kwanza ni kusimama imara chini ya mzigo; katika Warumi linatajwa ndani ya mnyororo unaoanza na dhiki na kuishia kwenye tumaini. La pili ni kukawia kukasirika, yaani namna ya kumchukulia mwenzako aliyekukosea.

Hebu basi tumpime Sara kwa maneno hayo mawili, badala ya kumbandika moja na kupita. Ikiwa ana saburi, tumaini lake liko wapi? Je, linatoka kwa Yona, kwa mila, au kwa watoto wake? Na ikiwa ana uvumilivu ule wa Wagalatia, mbona tunausifu kwake tu? Orodha ileile inamalizikia kwa ‘kiasi’, na hicho ndicho Yona amekikosa tangu alipoishika chupa. Tunda hilo halikugawanywa, nusu ya mume na nusu ya mke. Lakini sijawahi kuona mwanafunzi akiandika kwamba Yona amekosa tunda la Roho. Sara ndiye hupewa mtihani wa kiroho, na Yona hupewa mtihani wa ‘athari za ulevi katika jamii’.

Utetezi wa kawaida ni Ayubu. Wakristo husema ‘uvumilivu wa Ayubu’ na Waislamu husema ‘subira ya Ayubu’. Ni mtu wetu sote. Lakini kitabu cha Ayubu kina sura 42. Ayubu aliyenyamaza na kusujudu yuko katika sura mbili za mwanzo. Kuanzia sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, anabishana na rafiki zake, anamdai Mungu majibu. Vitabu vya ibada nilivyovisoma huchukua sura mbili za kwanza na ile ya mwisho, vikaruka kilio chote cha katikati. Na hao rafiki wa Ayubu, waliokuja na mafunzo yaliyopangika vizuri kuhusu mateso ya mtu mwingine, ndio wanaokemewa mwishoni. Nilipokumbuka hilo, niliona aibu kidogo kuhusu maelezo yangu ya ubaoni.

Jumapili moja nililipeleka jambo hili kwa wenzangu tuliokuwa tukikutana kwa maombi. Mama mmoja mwenye asili ya Kongo, mtu wa maneno machache, akasema, “Mwalimu, hiki kitabu kila asubuhi kinaniambia nivumilie. Lakini hakijui mimi ninavumilia nini.” Hakuna aliyemuuliza zaidi, na sidhani alitaka kuulizwa.

Kauli yake ndiyo uhakiki bora zaidi niliowahi kuusikia kuhusu utanzu huo. Kitabu cha ibada humwandikia yeyote. Hiyo ndiyo nguvu yake, kwa maana mtu wa Garissa na mtu wa Geneva hupata faraja katika ukurasa mmoja; na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu neno ‘vumilia’ humfikia mwenye mafua na mwenye kupigwa kwa sauti ileile. Hadithi ya familia haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Lazima iseme ni nani, katika nyumba ipi, kwa sababu gani, na nani ananufaika akiendelea kunyamaza.

Utanzu wa ibada wenyewe una ushahidi wa jambo hili. John Bunyan alipochapisha kisa chake maarufu cha msafiri mwaka 1678, kisa ambacho kimefasiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, shujaa wake alikimbia kuitafuta nchi ya mbinguni akamwacha mke na watoto mlangoni wakimwita. Ni taswira ya kiroho, naam. Lakini msomaji wa Dadaab, anayejua maana ya kuondoka na kuacha mtu nyuma, hawezi kuipita haraka. Na yaelekea Bunyan naye hakuweza. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, na safari hii wanaosafiri ni yule mke pamoja na wanawe. Ibada ilibidi irudi nyumbani kuwachukua waliobaki.

Isidhaniwe kwamba nasema Mkristo aiweke imani yake nje ya mlango anapoingia katika fasihi. La hasha. Kuna mambo ambayo msomaji wa maandiko huyaona na wengine wakayakosa. Majina ya tamthilia hii ni mfano. Wanafunzi wangu walimtambua Sara mara moja: ni mke wa Ibrahimu, aliyezaa uzeeni. Walimtambua na Yona: ni Yunus, nabii aliyekimbia alikotumwa. Tukawa na kipindi kizuri sana, mimi na Biblia yangu na wao na mafunzo ya madrasa yao, tukimtazama mume anayeukimbia wajibu wake hadi akamezwa, si na samaki bali na chupa.

Kisha tukafika kwa binti. Sara wa Mwanzo aliahidiwa mtoto wa kiume. Sara wa Arege alipata wasichana, na kijiji kizima kikaendelea kusubiri kana kwamba hakuna kilichofika. Lakini huyo binti wa kwanza anaitwa nani? Neema. Ndiye anayelipa, ndiye anayebeba. Neema ilikwisha kufika katika nyumba ile siku nyingi, ila waliokuwa wakiitazamia walikuwa wamejipangia sura yake. Hilo si funzo nililolipachika kutoka nje. Limo katika jina lenyewe. Na ni jibu mojawapo la lile swali la “anasubiri nini”: pengine Sara hakuwa na cha kusubiri tena, waliobaki wakisubiri ni wanaume.

Kwa walimu wenzangu, hasa wale ambao kama mimi huanza siku kwa ukurasa wa ibada, ombi langu ni dogo. Mwanafunzi akiandika kwamba mhusika ni mvumilivu, asiishie hapo. Aulizwe: anavumilia nini, kwa ajili ya nani, na anasubiri nini? Akikosa jibu la swali la tatu, basi huenda tunachokisifu si saburi bali ni mazoea ya kupigwa. Na darasani, wasichana wanatusikiliza tunapokisifu.

Yule msichana wa nyuma aliandika katika jaribio la mwisho wa muhula: “Sara ni mvumilivu lakini si vizuri.” Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na nafasi ya jibu hilo. Nilimpa alama, kisha nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Eleza zaidi.”