Nyoka wa Foumban: Mfalme na Fundi

Tarehe 13 Aprili 2024, mjini Foumban, magharibi mwa Kameruni, ilifunguliwa Makumbusho mpya ya Wafalme wa Bamum. Jengo lenyewe ni sanamu: nyoka mwenye vichwa viwili, pamoja na buibui. Kwa mapokeo ya Wabamum, nyoka huyo humkumbusha Mfalme Mbuembue, aliyepigana pande mbili kwa mara moja akashinda. Buibui ni alama ya hekima. Mpita njia aweza kuisoma historia hiyo akiwa nje, bila kulipa kiingilio.

Hilo lastahili sifa. Kiti cha enzi Mandu Yenu, ambacho Mfalme Njoya alimpa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1908, kingali Berlin. Mbele ya pengo hilo, mji umejisimamishia alama isiyoweza kuchukuliwa.

Hata hivyo, yafaa tuulize: ni nani anayetukuzwa? Zamani nyoka na buibui walikaa juu ya viko, viti na bangili. Fundi huumba kielelezo kwa nta, hukifunika kwa udongo, hukitia motoni hata nta itoke, kisha husubu shaba ndani yake. Mwishowe huvunja kalibu. Kwa hiyo hakuna kazi mbili zilizo sawasawa. Saruji imeikuza alama, lakini haikuonyesha mkono ulioizaa.

Tena, ufundi wa Foumban ulilelewa na wazazi wawili. Njoya aliwakusanya mafundi katika jumba lake. Mamlaka yake yalipopunguzwa na Wafaransa, Mosé Yeyap, mkalimani wa serikali hiyo na mpinzani wa mfalme, aliwakusanya mafundi nje ya jumba na kuanzisha makumbusho yake, katika miaka ya 1920. Jina la jengo jipya lataja mzazi mmoja tu.

Jambo hili latugusa sisi pia. Msalaba wa shaba wa Katanga ulikuwa fedha kabla ya ukoloni. Baadaye ulichorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960-1963. Alama ilipandishwa mlingotini, wala hatukuuliza habari za walioyeyusha shaba ile. Atakayejenga sanamu ya msalaba huo katika mji wetu, na aanze kwa kuijenga tanuru karibu nayo.