Sauti ya Nne

Kila ninapomuuliza mtu kwa nini anaipenda Mwanzo, albamu ya kwanza ya Sauti Sol, napata jibu lilelile: "Inatoka moyoni." Nimelipata Iringa kwa wanafunzi wenzangu, nimelipata Mbeya kwa walimu waliotufundisha sekondari. Ni jibu zuri la kumalizia mazungumzo, lakini kwa mhakiki halitoshi. Hakuna msikilizaji aliyewahi kuuona moyo wa mwimbaji. Tunachopewa ni sauti, maneno na ala. Kwa hiyo nauliza: ndani ya albamu yenyewe, ni kitu gani kinachotufanya tuamini?

Kwanza tuikumbuke ilikotoka. Mwanzo ilitolewa Nairobi mwaka 2008, chini ya Penya Records. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa wameimba pamoja Upper Hill School, katika kundi la injili lililoitwa Voices in the Light. Mpiga gitaa, Polycarp Otieno, waliungana naye mwaka 2005, baada ya shule. Wakatengeneza albamu yenye gitaa kavu mbele, midundo isiyo na fujo, na sauti zilizopangwa kwa makini. Huku kwetu miaka ile redio zilijaa Bongo Fleva ya kinanda na biti za kompyuta. Anayekutana na Mwanzo baada ya muziki ule husikia tofauti kabla hata wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio.

Ndiyo maana wengi hudhani siri ni gitaa. Ondoa mitambo, wanasema, kinachobaki ni ukweli. Mimi sikubaliani nao. Gitaa kavu nalo ni vazi, na huvaliwa kwa kuchaguliwa. Wamarekani waliligeuza kuwa kipindi cha televisheni, MTV Unplugged, na albamu ya Eric Clapton iliyotokana na kipindi hicho mwaka 1992 ikampa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco akiimba na gitaa lake peke yake. Vidole vya Bosco vinafanya kazi ngumu kiasi kwamba hadi leo wapiga gitaa wanajifunza kwake. Tunachokisikia kwake ni ufundi kabla ya ungamo lolote. Gitaa kavu linaweza kubeba ukweli, na linaweza kubeba uongo uliopangwa vizuri.

Upo ushahidi wa karibu zaidi. Katika albamu yao ya 2015, Live and Die in Afrika, Sauti Sol wana wimbo wa kumshukuru Mungu, Kuliko Jana. Wimbo huohuo waliurekodi tena na RedFourth Chorus bila ala yoyote. Gitaa limeondoka kabisa, na bado watu wanasema unatoka moyoni. Nimeusikia ukiimbwa harusini Mafinga, na kanisani Uyole na vijana ambao sidhani kama wangeweza kutaja albamu unakotoka. Kama gitaa lingekuwa siri, toleo lile lingekufa.

Jibu langu linaanzia kwenye kwaya. Nyanda za Juu Kusini zimeimba kwa sauti nne kwa vizazi kadhaa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Kijerumani wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo, na Wakatoliki wakajenga Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Pamoja na mengine yote waliyoleta, mazuri na mabaya, walileta mazoezi ya jioni. Mwalimu wa kwaya anaandika d, r, m, f, s ubaoni. Anawafundisha soprano peke yao, kisha alto, kisha tena, kisha besi. Wiki nzima unaimba kipande ambacho peke yake hakina utamu wowote. Jumamosi mnaunganisha, na ghafla kile kipande chako kinapata maana, kwa sababu kimekaa chini ya kipande cha mwingine.

Mtu aliyelelewa hivyo hasikilizi wimbo kama anayetazama picha. Anatafuta pa kuingia. Katika hosteli niliyoishi Iringa tulikuwa sita chumbani, na jioni moja ya Julai, baridi kali, mmoja wetu alicheza Lazizi kwenye simu yenye spika mbovu. Besi ya wimbo haikusikika kabisa. Rafiki yangu wa Tukuyu, aliyekuwa akipiga pasi, akaijaza mwenyewe, taratibu, bila kuinua macho. Dada wa chumba cha pili akaingia kuazima ndoo, akabaki na alto yake mlangoni. Hakuna aliyesema, "Tuimbe." Wimbo ulipokwisha, kila mtu akarudi kwenye shughuli yake.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya Mwanzo. Waimbaji hawa watatu wana tabia ya watu wa kwaya: anapoongoza mmoja, wengine hawamzibi. Wanamwachia nafasi, na nafasi hiyo inabaki wazi hata kwetu. Gitaa la Otieno linasaidia kwa sababu halijazi kila pengo, kama ambavyo biti nyingi za kompyuta hufanya. Tunachokiita moyo, nadhani, ni kule kuachiwa mahali. Sauti ya nne haimo kwenye rekodi. Ni yako.

Maneno nayo yanafanya kazi hiyohiyo pale yanapofaulu. Lazizi ni mfano mzuri. Kamusi huandika laazizi, kwa a mbili: mpenzi, kipenzi. Ni neno la Pwani, la taarabu na barua za mapenzi za zamani. Vijana wa Nairobi, mji unaobuni maneno ya Sheng kila wiki, wangeweza kumwita mpenzi kwa neno la mtaani la mwaka ule, nasi huku tungehitaji mkalimani. Wakachagua neno ambalo bibi wa Tanga analielewa na mwanafunzi wa Mbeya analikisia. Neno la zamani ni kama besi: limekuwepo kabla yako, unaweza kulisimamia.

Nguvu hiyo inaonekana zaidi katika Blue Uniform, wimbo unaozungumzia polisi na vijana wa mjini. Mwingine angeuimba kwa ukali. Wao wanauimba kwa ulaini, na ulaini huo unauma, kwa sababu ndivyo mtu anavyozungumza mbele ya askari mwenye bunduki: kwa adabu, sauti ya chini, mikono ikionekana. Na tusisahau mwaka wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa Kenya. Mapatano ya Kibaki na Raila yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi na Rais wetu Kikwete akiwa pale. Miezi michache baadaye vijana wanne wanatoa albamu inayoitwa Mwanzo. Sidai kwamba walikusudia jibu la kisiasa. Nasema tu kwamba, katika nchi iliyokuwa imemwaga damu kwa kuulizana majina ya ukoo, sauti zinazosubiriana si jambo dogo.

Albamu ina udhaifu wake. Mafunzo ya Dunia, ambayo jina lake linatukumbusha yule asiyefunzwa na mamaye, inaelekea kutuhutubia. Sauti bado ni nzuri, lakini nafasi niliyoisifu inapungua, kwa sababu funzo limeshakamilika kabla sijafika. Naitikia kama muumini anavyosema amina, huku akili ikiwa imetoka nje. Huo ndio mtego wa muziki wa moyoni: unapokuwa na uhakika mno na wema wake, unasahau kumwachia msikilizaji kazi.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwanza, kundi lenyewe limenyamaza. Mwaka 2023 walitangaza mapumziko yasiyo na tarehe ya kurudi, wakaagana na mashabiki Nairobi mwezi Novemba. Bien akatoa albamu yake mwenyewe mwaka huohuo, na wengine wana miradi yao. Nampenda Bien akiwa peke yake. Lakini peke yake ananipa nafasi ya kumshangaa tu.

Pili, kwaya zetu zinabadilika. Kwaya nyingi za vijana ninazozijua, Iringa na Mbeya, sasa zina kinanda chenye midundo iliyowekwa tayari. Zinarekodi video, na katika video hizo watu thelathini huimba sauti moja huku mashine ikijaza pengine. Silaumu, kupanga sauti nne kunataka miezi, na vijana wana mitihani na bodaboda za kuendesha. Lakini kizazi ambacho hakikufundishwa kukaa chini ya sauti ya mwingine kitasikia kitu gani katika Mwanzo? Huenda kitasikia gitaa zuri na wavulana wenye huzuni, basi. Kitasema inatoka moyoni, kwa maneno yaleyale tunayosema sisi, kikimaanisha kitu kidogo zaidi.

Ukiicheza tena, usimfuate anayeongoza. Mfuate anayekaa chini yake. Kisha imba kile ambacho yeye hakuimba.