Azam FC: Makocha wapya, vipigo vilevile vya ugenini

Ukimuuliza shabiki wa soka pale Mbagala Rangi Tatu ni nani aliyeipa Azam FC ubingwa wake pekee wa Ligi Kuu, atakutajia Joseph Omog bila kusita. Hajakosea. Mcameroon huyo ndiye aliyekuwa benchi tarehe 13 Aprili 2014, Azam ilipoichapa Mbeya City 2-1 kwenye Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ikatangaza ubingwa huku mechi moja ikiwa bado haijachezwa. Tangu Mtibwa Sugar mwaka 2000, hakuna timu nje ya Simba na Yanga iliyokuwa imeligusa kombe hilo. Na Azam ililichukua bila kufungwa hata mechi moja kati ya 26.

Lakini ugawe msimu ule vipande viwili uone. Mzunguko wa kwanza, mechi 13, Azam ilikuwa chini ya Mwingereza Stewart Hall: ushindi saba, sare sita, pointi 27, nyuma ya Yanga kwa pointi moja. Sare ya mwisho kati ya hizo, 3-3 na Mbeya City nyumbani Chamazi, ndiyo iliyofunga ukurasa wa Hall. Mzunguko wa pili ukawa wa Omog: ushindi 11, sare mbili, pointi 35. Jumla 62. Kikosi kwa sehemu kubwa kilikuwa kilekile. Omog aliingia kama mpangaji aliyekuta nyumba imeshapauliwa. Yeye akaweka milango na madirisha, akahamia.

Sisemi hivyo kumdharau. Kuzigeuza sare sita kuwa mbili ni kazi ya kocha, na Omog alikuwa ameshatwaa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2012 akiwa na AC Léopards ya Kongo Brazzaville, kwa hiyo alijua namna ya kuimaliza mechi inayokataa kufunguka. Ninachosema ni kwamba orodha ya makocha wa Azam, ukiisoma kwa kuhesabu makombe tu, itakudanganya. Huku kwetu kombe huandikwa jina la aliyekuwa amekaa benchi siku ya mwisho.

Azam ilizaliwa mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008. Miaka ya mwanzo ilipita mikononi mwa Wabrazil wawili, Neider dos Santos na Itamar Amorim, na hapo hatuna sababu ya kukawia. Uzito unaanza kwa Hall, aliyetokea Zanzibar alikokuwa akiinoa timu ya taifa ya visiwani. Yeye ndiye aliyeufunga uti wa mgongo wa timu: Aggrey Morris nyuma, Salum Abubakar “Sure Boy” katikati, John Bocco na Kipre Tchetche mbele, huku vijana wa akademi kama Himid Mao na Aishi Manula wakipandishwa mmoja mmoja. Msimu wa 2011/12 Bocco alimaliza kinara wa mabao kwa mabao 19, na uliofuata ikawa zamu ya Tchetche kwa mabao 17. Misimu yote miwili Azam ilishika nafasi ya pili, mara nyuma ya Simba, mara nyuma ya Yanga.

Katikati ya safari hiyo Hall alishafukuzwa mara moja. Julai 2012 Azam ilifungwa na Yanga 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Kagame, kocha akaonyeshwa mlango. Akaja Mserbia Boris Bunjak. Haikuchukua hata nusu msimu, Bunjak akaondoka na Hall akarudishwa. Akaondoka tena Novemba 2013, akarudi tena 2015. Mromania Aristica Cioabă naye aliachwa, kisha akaitwa tena. Klabu inayomrudisha mtu iliyemfukuza inakiri, hata kama haisemi hadharani, kwamba tatizo halikuwa mtu yule.

Basi tatizo ni nini? Twende kwenye mechi za Afrika, kwa sababu ndiko vibarua vingi vya Chamazi vilikoota nyasi.

Februari 2014, Omog: Azam 1-0 Ferroviário da Beira nyumbani, 0-2 Msumbiji. Februari 2015, Omog tena: 2-0 dhidi ya El Merreikh nyumbani, 0-3 Omdurman, na kazi ikaishia hapo. Aprili 2016, Hall: 2-1 dhidi ya Espérance nyumbani, 0-3 Tunisia. Machi 2017, Cioabă: 1-0 dhidi ya Mbabane Swallows nyumbani, 0-3 ugenini. Oktoba 2022, Mfaransa Denis Lavagne, aliyewahi kuinoa Cameroon: 0-3 Libya mbele ya Al Akhdar, 2-0 nyumbani, na muda si mrefu akawa hayupo. Agosti 2024, Msenegali Youssouph Dabo: 1-0 dhidi ya APR nyumbani, 0-2 Kigali, naye akafungashiwa virago wiki chache baadaye.

Makocha watano, mataifa matano, falsafa tano. Katika mechi hizo sita za nyumbani Azam ilifunga mabao tisa, ikaruhusu moja. Katika sita za ugenini ilifungwa mabao 16, haikufunga hata moja. Kocha mmoja akishindwa namna hiyo unaweza kumlaumu. Wakishindwa watano kwa namna ileile, wa kuchunguzwa ni aliyewaajiri.

Maelezo yangu ni haya. Azam inacheza karibu msimu mzima ikiwa timu yenye mpira. Isipokuwa Simba na Yanga, wapinzani wake wengi ligini wanakuja Chamazi kujaza watu nyuma na kuomba dakika 90 ziishe. Mazoea hayo huzaa mabeki wa pembeni wanaopanda, viungo wanaosubiri pasi, na mabeki wa kati wasiozoea kusukumwa kwa nusu saa nzima bila kupumua. Ukienda Omdurman au Tunis, mambo yanageuka: wewe ndiye wa kujazana nyuma. Stadi hiyo haifundishwi katika wiki mbili za kuelekea mechi ya marudiano. Inataka misimu, mabeki walewale na kocha yuleyule.

Ushahidi ninao, na unatoka kwa Hall huyohuyo. Mwaka 2013, mara ya kwanza kabisa Azam kucheza Afrika, timu yake ilishinda 2-1 Monrovia dhidi ya Barrack Young Controllers, na ilipotolewa na FAR Rabat kwa 2-1 kule Morocco ilikuwa walau imefunga. Aliporudi mwaka 2015 alibadili mfumo, akacheza na mabeki watatu wa kati, akiwamo Aggrey Morris na Muivory Coast Pascal Wawa, huku Shomari Kapombe akiachiwa upande mzima wa kulia. Watatu nyuma maana yake hata beki wa pembeni akipanda, kuna mtu wa akiba wa kufunika. Kombe la Kagame la mwaka huo Azam ililichukua bila nyavu zake kutikiswa tangu mechi ya kwanza: ikaitoa Yanga kwa penalti baada ya suluhu kwenye robo fainali, ikaifunga KCCA 1-0, kisha Gor Mahia 2-0 kwenye fainali. Machi 2016 mfumo huohuo ukasafiri hadi Johannesburg, ukashinda 3-0 dhidi ya Bidvest Wits. Espérance waliuvunja mwezi uliofuata, ni kweli, ila Espérance wameshazivunja timu kubwa kuliko Azam.

Baada ya Hall kuondoka, uti wa mgongo ulikatwa. Mhispania Zeben Hernández alibeba Ngao ya Jamii Agosti 2016 kwa penalti mbele ya Yanga, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka. Januari 2017, timu ikiwa kwa kocha wa muda Idd Cheche, Azam iliinyuka Yanga 4-0 kwenye Kombe la Mapinduzi, kisha ikaifunga Simba 1-0 kwenye fainali. Mholanzi Hans van der Pluijm akaleta Kagame ya 2018, akaachwa Februari 2019. Kombe la Shirikisho la nyumbani likaja Juni, Lindi, kwa bao la Obrey Chirwa dhidi ya Lipuli, timu ikiwa kwa Abdul Mingange na Cheche. Tazama hapo: makombe mawili mikononi mwa makocha wa muda, Watanzania, ambao hakuna aliyepewa timu moja kwa moja. Hilo nalo lingestahili kikao chake.

Vituko havikwisha. Cioabă alianza msimu wa 2020/21 kwa ushindi wa mechi saba mfululizo. Novemba, siku moja baada ya kufungwa 1-0 na Yanga, akaachishwa kazi. Kati ya Chamazi na Kinondoni nako pakawa na njia ya kwenda na kurudi: Mrundi Etienne Ndayiragije aliifikisha KMC ya Kinondoni nafasi ya nne mwaka 2019, Azam ikamchukua, Taifa Stars nayo ikamchukua kabla hajakaa sawa, Abdihamid Moallin akaachwa na Azam, baadaye akaenda kuinoa KMC.

Dabo ndiye aliyeniuma zaidi. Msimu wa 2023/24 aliipeleka Azam nafasi ya pili kwa pointi 69, sawa na Simba, Feisal Salum akifunga mabao 19, na fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani ikapotea kwa penalti tu. Hiyo ilikuwa timu inayojengwa. Safari moja ya Kigali ikaibomoa, akaletwa Mmorocco Rachid Taoussi, aliyedumu msimu mmoja.

Tangu Julai 2025 timu iko kwa Florent Ibenge, Mkongomani aliyefika fainali za Afrika akiwa na AS Vita na kutwaa Kombe la Shirikisho Afrika akiwa na RS Berkane. Oktoba mwaka huo aliipeleka Azam hatua ya makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Nililotazama zaidi si mabao saba waliyopigwa KMKM kwenye marudiano pale Chamazi, bali mechi za kwanza za raundi zote mbili, zote za ugenini: 2-0 dhidi ya El Merreikh Bentiu, 2-0 dhidi ya KMKM. Wapinzani hao si Espérance, najua. Hata hivyo ni mabao manne ugenini bila kuruhusu hata moja, na siku Ibenge atakapopigwa 3-0 huko mbele, maana siku hiyo itafika, viongozi wa Azam wamwache akae.