Je, Kitabu Pepe Hununuliwa?

Katika kazi ya kuunda istilahi, majina ya vyombo hututaabisha kidogo kuliko vitenzi viambatanavyo navyo. Neno "kishikwambi" limekwisha kukubalika; baada ya makarani wa Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania kuvitumia vyombo hivyo, na kisha vikagawiwa walimu, ni nadra kumpata mwalimu asiyelijua. "Kitabu pepe" nalo limefuata njia iliyofunguliwa na "barua pepe", ijapokuwa mkulima wa mpunga ana haki ya kutabasamu, kwani kwake pepe ni punje isiyo na kiini. Hatuna ugomvi na majina hayo. Ugomvi wetu ni na kitenzi "kununua".

Kununua ni kutoa thamani na kupata milki. Aliyenunua kitabu aweza kumwazima jirani, kukiuza, kukirithisha, hata kufungia vitumbua. Kitabu pepe sivyo. Mwezi wa Julai 2009, kampuni ya Amazon ilizifuta riwaya mbili za George Orwell kutoka katika vyombo vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja alibaki na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo, bila ya matini yaliyohusika. Mojawapo ya riwaya hizo ni ile tuijuayo kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama. Mwenye nakala ya karatasi ya tafsiri hiyo hakujiwa na mtu kuiondoa rafuni. Mwaka 2019 Microsoft nayo ililifunga duka lake la vitabu, na vitabu vikaacha kufunguka.

Hata tabia ya kusoma yaguswa: kitabu kilichokuwa kikipita mikono kumi darasani sasa hufungwa kwa jina la mtu mmoja.

Jambo hili si la wanasheria peke yao. Jimbo la California, Marekani, limelitungia sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za namna hii haruhusiwi kutumia neno lenye maana ya kununua bila kumjulisha mteja waziwazi kwamba apewacho ni leseni. Bunge zima limekaa kujadili kitenzi! Nasi, ambao vitenzi ndiyo kazi yetu, bado twaandika "nunua" na "kitabu chako" pasipo kusita.

Litumike neno gani, basi? "Kukodi" halifai, kwani mwenye kukodi hupatana muda, na hapa muda hautajwi. "Kuazima" aghalabu ni bure. Sisi twapendekeza "kulipia", neno ambalo watu wamekwisha kulizoea: asemaye amelipia king'amuzi hadai kwamba matangazo ni mali yake. "Kununua" libakie kwa faili ambalo msomaji aweza kulihifadhi mwenyewe bila ya kufuli. Afisa aandikaye mkataba wa vitabu vya shule ataona faida mara moja, maana kilichonunuliwa huingizwa katika leja ya mali, na kilicholipiwa huandikiwa masharti yake.

Nomino ndiyo ingali ikitusumbua. "Malipo" limekwisha kushikwa na maana nyingine, na "ulipiaji" ni zito mdomoni.