Nyumba ya Aniceti Kitereza

Watu husafiri mbali ili waione nyumba ya mwandishi wampendaye. Huko Nairobi nyumba ya Karen Blixen, bibi wa Denmark, ilifanywa makumbusho mwaka 1986, na wageni huonyeshwa vyumba vyake. Mimi nilipotamani safari ya namna hiyo nalitoka Bukoba nikaenda Rubya, katika nchi ya Muleba, maana huko ndiko Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alikosoma seminari tangu 1909 hata 1919. Nalitazama kilima na migomba, nikarudi. Kusema kweli, sikumwona.

Nalimwona usiku, nilipofungua tena kitabu chake cha Myombekere na Bugonoka. Humo mna mji mzima, na moto ungali unawaka. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu hajazaa; mumewe awafuata wakweze kwa unyenyekevu, nao wamtoza pombe ya ndizi kwanza. Mwandishi mwingine angesema, "Akatengeneza pombe," akapita. Kitereza hapiti. Atufundisha kazi yenyewe, na nani asaidie, na mgeni apokewe vipi. Mhaya asomapo hunusa rubisi ya babu yake.

Walimu wenzangu wengine hulaumu: salamu ni ndefu mno, hadithi haiendi. Nami nakiri kwamba habari za watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, zimelegea kidogo. Lakini ukizikata zile salamu, umebomoa nyumba.

Tena nawaomba wakumbuke aliyeandika. Yeye na mkewe Anna Katura walizika watoto wao wangali wachanga, wala hakuoa mke wa pili, ijapokuwa watu walimsukuma. Ndiyo maana aibu ya Bugonoka haikuandikwa kwa kubahatisha. Aliwapa watu wa kitabu watoto ambao yeye mwenyewe hakubaki nao.

Alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kukipiga chapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitolewa 1980, naye alikufa 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Mwenye nakala na akisome kwa sauti nyumbani, wazee wakiwapo. Mimi nataka kujua ni wapi watamkatiza na kusema, "Sivyo, sisi Wahaya twafanya hivi."